Kihispania cha kampeni na kura ya kanisani

Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia, wanafunzi wangu huniuliza: mgombea anayeahidi kuwatimua wahamiaji anapataje kura za Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini? Swali lenyewe linamchukulia Mlatino kama mhamiaji tu. Wanaopiga kura ni raia, wengi wamezaliwa hukohuko, na wana shida zao nyingine kabisa. Kazi yangu ni kuchambua matangazo ya kampeni, na siku hizi huuliza kwanza mpiga kura anasali wapi, ndipo niulize anazungumza lugha gani.

Chukua mwaka 1960. Jacqueline Kennedy, mke wa mgombea urais John F. Kennedy, alirekodi tangazo la televisheni kwa Kihispania, la kama dakika moja. Sauti haipandi wala haishuki, lafudhi ya kigeni haijifichi. Anaonya kuhusu ukomunisti, anataja amani na watoto, kisha anamaliza: “¡Que viva Kennedy!” (Kennedy aishi!) Uhamiaji hautajwi. Dini pia haitajwi, na hapo ndipo penye utamu. Septemba mwaka huohuo mumewe alisimama Houston, Texas, mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti kuwahakikishia kwamba kanisa lake Katoliki halitamwamuru akiwa rais. Kwa Wamarekani wenye asili ya Mexico katika jimbo hilohilo, Ukatoliki haukuwa kitu cha kujitetea. Vilabu vya “Viva Kennedy” vikawatafuta, na Kennedy akaichukua Texas kwa tofauti ya kura kama 46,000.

Nionavyo mimi, aliyeelewa somo hili la kanisa kuliko wote ni George W. Bush. Kihispania chake kilikuwa cha kuungaunga, wala hakuona haya. Mei 2001 akawa rais wa kwanza kutoa hotuba ya redio ya kila wiki kwa lugha hiyo. Ila nguvu yake ilikuwa katika kauli aliyopenda kuirudia, kwamba maadili ya familia hayaishii kwenye Rio Grande, mto wa mpaka na Mexico. Uhamiaji, imani na familia, vyote ndani ya sentensi moja. Kisha tazama hesabu za kituo cha utafiti cha Pew: kati ya 2000 na 2004, kura zake kwa Walatino Waprotestanti zilipanda kutoka asilimia 44 hadi 56. Kwa Walatino Wakatoliki zilibaki 33. Mgombea ni yuleyule, Kihispania ni kilekile. Kilichotofautiana ni kanisa.

Kinyume chake ni Tim Kaine, mgombea mwenza wa Hillary Clinton mwaka 2016. Huyu Kihispania alikikamilisha akijitolea na Wajesuiti, shirika la Kikatoliki, nchini Honduras, na alihutubia mkutano mzima kwa lugha hiyo mjini Phoenix. Arizona ilikwenda kwa Trump.

Trump hakujisumbua na lugha. Januari 2020 alizindua kampeni yake kwa walokole ndani ya El Rey Jesús, kanisa kubwa la Walatino huko Miami. Kabla ya siku hiyo mchungaji alilazimika kuwatuliza waumini wasio na makaratasi, wasiogope kuja. Hebu fikiria: mtu anaogopa kukamatwa kanisani kwake, na jirani yake kwenye benchi hilohilo atampigia kura mgeni wa siku hiyo. Wote wawili wanaimba pambio moja.

Kaunti ya Starr, mpakani Texas, ina Walatino kama asilimia 97. Clinton alishinda pale 2016 kwa pengo la pointi 60 hivi. Mwaka 2024 ikaenda kwa Trump, Mrepublican wa kwanza kushinda pale kwa zaidi ya miaka 100. Bei za vitu zilichangia sana, tusizidishe habari ya dini. Na doria ya mpakani ni ajira ya vijana wa kule.

Januari 2025 serikali ya Trump ilifuta mwongozo uliokuwa ukizuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu makanisani, isipokuwa kwa sababu maalumu. Julai, askofu Mkatoliki wa San Bernardino, California, akawaruhusu waumini wanaohofia kukamatwa wasihudhurie misa ya Jumapili. Wakatoliki wamesema. Mimi nawasubiri wachungaji wa kilokole waliompigia debe, maana viti vikianza kubaki wazi kwao pia, hakuna tangazo la Kihispania la 2028 litakalovijaza.