Saa ya kompyuta ikiruka Machi na Oktoba, usiirudishe kwa mkono

Kila ikikaribia mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, ofisi za Posta na Upanga hapa Dar huniletea lalamiko lilelile: saa ya kompyuta imeruka, au imerudi nyuma, kwa saa moja kamili, na hakuna aliyeigusa. Mwenye mashine huirekebisha mwenyewe, ikatulia miezi kadhaa, kisha ikaharibika tena. Wengi hudhani betri imekufa, na kuna mafundi wanaowauzia betri mpya bila kupima chochote. Jambo hili linaniuma, kwa sababu tiba yake haigharimu hata shilingi.

Tanzania haibadilishi saa. Tuko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa, kuanzia Januari hadi Desemba. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mchana wetu mrefu kabisa hauzidi ule mfupi kabisa kwa hata saa nzima, kwa hiyo hatuna mwanga wa kuokoa kwa kusogeza saa mbele. Kwa London ni habari nyingine: Juni mchana unapita saa 16, Desemba haufiki 8. Wajerumani walianza kusogeza saa mbele wakati wa majira ya joto mwaka 1916, na Waingereza wakafuata wiki chache baadaye. Siku hizi Uingereza na Umoja wa Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani ina tarehe zake.

Sheria hizo hufika Kariakoo ndani ya kompyuta za mtumba. Mashine imetumika miaka kadhaa katika ofisi ya Uingereza, ikaletwa hapa, duka likafuta mafaili ya mwenye kwanza na kuacha ukanda wa saa, yaani mpangilio unaoiambia mashine ifuate saa ya mahali gani, ulivyokuwa. Mnunuzi anaiwasha, anaona saa si ya hapa, anaisogeza mpaka ilingane na simu yake. Hapo ndipo kosa linapoingia. Ni sawa na kufuta bei ya pauni na kuandika tarakimu za shilingi, huku alama ya pauni umeiacha palepale.

Tuseme ni Julai, saa 4 asubuhi hapa Dar. Mashine iliyo kwenye ukanda wa London itaonyesha saa 2 asubuhi, na kwa London hiyo ndiyo saa sahihi. Wewe unaisogeza mbele saa mbili. Sasa kioo kinasema saa 4, umeridhika, lakini mashine inaamini ni saa 4 asubuhi ya London, yaani saa 6 mchana ya Dar. Barua pepe unayoituma dakika hiyo itamfikia mwenzako wa Upanga ikiwa na muhuri wa saa 6 mchana, saa ambayo bado haijafika. Mialiko ya mikutano nayo inahama. Namba za uhakiki zinazobadilika kila sekunde 30 zitakataliwa zikitolewa na kifaa hicho, maana hukokotolewa kutokana na UTC, wala hazitazami kile kilichoandikwa kwenye kioo. Kisha Oktoba inafika, London inarudisha saa nyuma, na mashine yako inatii kama ilivyoagizwa: saa 4 inakuwa saa 3.

Ukiwa umewasha ulinganishaji wa saa kupitia intaneti, utaona jambo linalowachanganya watu zaidi. Unarekebisha leo, baada ya muda saa imerudi palepale pa zamani. Watu hulaumu intaneti na kuuzima ulinganishaji. Naomba sana usifanye hivyo. Seva za saa, yaani kompyuta za intaneti zinazotangaza saa sahihi, hutuma UTC tu. Hazijui uko nchi gani, na kazi ya kugeuza UTC kuwa saa ya mahali ulipo ni ya ukanda uliouchagua wewe.

Kwa hiyo anza na ukanda, halafu ndipo ushughulikie saa. Kwenye Windows, bofya kulia saa iliyo pembeni mwa kioo, fungua mipangilio ya tarehe na saa, kisha kwenye orodha ya kanda chagua UTC+03:00 Nairobi. Usiitafute Dar es Salaam, haimo. Microsoft wametuweka chini ya Nairobi pamoja na Kenya na Uganda. Nimewahi kukuta mashine zimewekwa Moscow au Baghdad kwa kuwa nazo ni +3. Usikubali. Urusi iliihamishia Moscow kwenye +4 mwaka 2011, ikairudisha +3 mwaka 2014, na kompyuta iliyofungwa kwenye Moscow ililazimika kuifuata. Unapochagua ukanda unachagua serikali ambayo saa yako itatii maamuzi yake, wala si namba peke yake.

Ukanda ukishakaa sawa, washa ulinganishaji na uagize mashine ijilinganishe hapohapo. Ikigoma ukiwa ofisini, muulize msimamizi wa mtandao kama mlango wa UDP 123, njia ya mtandao ambayo ulinganishaji wa saa hupitia, umefungwa. Mwenye mashine nyingi atumie amri: kwenye Windows ni tzutil /s "E. Africa Standard Time", na kwenye Linux ni timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Huko Linux jiji letu limo kwa jina lake.

Betri nayo hufa kweli, ila dalili zake ni nyingine. Ukichomoa mashine kwenye umeme ukaiwasha kesho yake, inakuja na tarehe ya miaka ya nyuma. Hapo badilisha kile kibetri cha duara kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani ya mashine), kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Na kama una Windows na Linux kwenye mashine moja na saa zinapishana kwa saa tatu kamili, betri haihusiki: Linux huandika UTC kwenye saa ya mazabodi, Windows huandika saa ya hapa, na kila mmoja anamvurugia mwenzake.

Kuna pia mashine ambayo kweli inatakiwa kufuata majira ya nje lakini haibadiliki. Hii naikuta kwa mawakala wa safari na wa mizigo wanaofanya kazi na ng'ambo. Sababu kubwa ni Windows ya zamani isiyopata masasisho, kwa sababu kanuni za saa huja na masasisho. Marekani ilibadilisha tarehe zake mwaka 2007, na Misri ilirudisha saa za majira ya joto mwaka 2023. Mashine ambayo haikupata taarifa itaendelea kufuata sheria iliyokufa. Isasishe, au ihamishe kwenye mfumo ambao bado unatunzwa.

Hata kwa ofisi hizo, mimi hupendelea mashine ibaki Nairobi na kuongezewa saa ya London pembeni. Windows inaruhusu saa mbili za ziada. Mkutano wa kila wiki na London uandikwe kwenye kalenda kwa ukanda wa London. Ule wa saa 3 asubuhi kwao utakuangukia saa 6 mchana wakati wa baridi yao na saa 5 asubuhi wakati wa joto lao, bila wewe kuhesabu vidole. Wenye wateja New York na London kwa pamoja wachunge zaidi mwezi Machi: Marekani hubadilisha Jumapili ya pili, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu New York inakuwa imeshasogea na London bado. Mwisho wa Oktoba London hutangulia, na tofauti hiyo hudumu wiki moja.