Wingi wa vipeperushi si kipimo cha elimu ya afya

Wengi huamini kwamba mpango wa elimu ya afya umefanikiwa pale ambapo vipeperushi vyote vimegawiwa, gari la matangazo limezunguka mtaa mzima na karatasi ya mahudhurio imejaa sahihi. Dhana hiyo si sahihi, kwani takwimu hizo huonyesha kazi iliyofanywa na watoa elimu, wala hazisemi lolote kuhusu kilichobadilika kwa waliopewa elimu hiyo.

Tuchukue pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ambayo mama wa Manzese au Mbagala jijini Dar es Salaam hupewa zahanati mtoto anapoharisha. Akiulizwa kama ameelewa maelezo, atajibu "ndiyo", pengine kwa heshima tu. Akiombwa aonyeshe, huenda akamimina nusu ya unga kwenye kikombe cha chai, ilhali pakiti ya kawaida huchanganywa yote katika lita moja ya maji safi na salama, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Kipimo cha kweli kiko hapo, kwenye jagi na kijiko.

Hata hivyo, kuelewa pekee hakutoshi. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986, uliopitishwa katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani, ulieleza kwamba uhamasishaji wa afya unahitaji pia sera na mazingira wezeshi. Anayenunua maji kwa ndoo halaumiwi kirahisi kwa kunawa mikono mara chache. Ndiyo maana tathmini makini hupima hali kabla ya mafunzo, huilinganisha na ya mtaa ambao haujafikiwa, kisha hurudi miezi kadhaa baadaye. Kurudi huko ndiko bajeti nyingi, kwa maoni yangu, husahau.