Majina aliyoachiwa Kathleen Clarke

Kila nikifundisha maasi ya Pasaka ya 1916 mjini Dublin dhidi ya utawala wa Uingereza, wanafunzi huwataja wale saba waliotia saini Tangazo la Jamhuri bila kukwama. Nikiuliza ni nani aliyeachiwa siri na fedha endapo wote saba wangeuawa, darasa kimya. Ni Kathleen Clarke.

Alizaliwa Limerick mwaka 1878, katika ukoo wa Daly. Kuna nyumba hurithishana useremala. Kwao walirithishana siasa za jamhuri. Ami yake John alifungwa jela moja huko Uingereza na Tom Clarke, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wale saba. Tom alipotoka mwaka 1898, baada ya miaka 15, akafika kwa akina Daly na kumpenda Kathleen, fundi cherehani aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 20. Wakaoana New York mwaka 1901. Waliporudi Ayalandi mwaka 1907, duka lao la tumbaku na magazeti pale Dublin likawa kijiwe cha njama: mtu anaingia kununua gazeti, anatoka na ujumbe.

Kabla ya maasi, IRB, chama cha siri kilichoyapanga, kilimkabidhi Kathleen majina ya watu wake wa kila eneo. Akayakariri.

Usiku wa kuamkia Mei 3 alipelekwa gereza la Kilmainham kumuaga mumewe. Alikuwa mjamzito, lakini hakumwambia, asije akamwongezea mzigo. Alfajiri Tom akapigwa risasi. Usiku uliofuata akaitwa tena palepale, safari hii kumuaga mdogo wake Ned, wa miaka 25. Wiki chache baadaye mimba ikaharibika.

Matanga hakukaa. Kwa pauni zaidi ya 3,000 alizoachiwa, alianzisha mfuko wa kuwasaidia wajane na familia za wafungwa. Mwaka 1917 kijana mmoja, Michael Collins, baadaye mkuu wa ujasusi wa wapigania uhuru, akaajiriwa kuwa katibu wa mfuko huo, na Kathleen akampa yale majina. Waandishi wa maisha ya Collins hupita hapa mbiombio, jambo linaloniudhi: mtandao uliompa Collins sifa hakuufuma yeye kuanzia sifuri.

Mengine yakafuata: jela ya Holloway huko London mwaka 1918, ubunge, kupinga mkataba wa 1921 na Uingereza. Mwaka 1939 akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Dublin, na picha ya Malkia Victoria ikashushwa ukutani katika makazi ya meya. Alifia Liverpool, katika Uingereza ileile, mwaka 1972. Jamhuri ikamrudisha Dublin na kumzika kwa heshima za taifa.