"It" hukaa wapi: kitenzi, kiwakilishi na kihusishi katika sentensi ya Kiingereza

Kwa Kiswahili tunasema "izime" na "itunze", na kiambishi cha yambwa, yaani cha kitu kinachotendwa, kinakaa palepale mara zote mbili, kabla ya mzizi wa kitenzi. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "turn it off", ya pili ni "look after it". Kiwakilishi kimehama. Anayesema "turn off it" au "look it after" anajua msamiati wote unaohitajika. Kilichomponyoka ni mpangilio, na mpangilio huo una kanuni zinazofundishika.

Chanzo ni lile neno dogo. "After" katika "look after it" ni kihusishi, na kihusishi hutangulia nomino au kiwakilishi chake. "Off" katika "turn it off" ni kielezi kilichoungana na kitenzi kikawa kitu kimoja. Hakina yambwa yake. Ukiweka nomino, tofauti inajitokeza: "turn off the radio" na "turn the radio off" zote ni sahihi, lakini "look the child after" haipo kabisa. Ukiweka kiwakilishi, uhuru huo wa "turn off" unakwisha, na ni lazima kiingie katikati. Kiingereza hupendelea kufunga sentensi kwa neno lenye uzito, na "it", "him" au "them" ni maneno mepesi yanayotaja kitu ambacho msikilizaji ameshakijua. Kwa sababu hiyohiyo yambwa ndefu hukimbilia mwisho: "turn off the radio that is playing in the next room".

Sikio nalo husaidia. Katika "turn it off" mkazo mzito uko kwenye "off". Katika "look at it" uko kwenye "look", na "at" inapita hafifu, karibu isisikike. Kipimo hiki kinafaa zaidi kwa vihusishi vya silabi moja kama "at", "for", "to" na "of". Kipimo kingine ni kupenyeza kielezi cha namna: "look carefully at it" inakubalika, "turn quickly off it" haikubaliki kwa maana ya kuzima.

Neno moja dogo linaweza kufanya kazi zote mbili, na hapo nafasi ya kiwakilishi ndiyo inayobeba maana. "I saw through it" ni kwamba niligundua hila iliyokuwamo. "I saw it through" ni kwamba nililifikisha jambo hadi mwisho wake. Maneno ni yaleyale manne.

Vitenzi vya maneno matatu ni rahisi kuliko vinavyotisha, kwa kuwa neno la mwisho huwa kihusishi: "put up with it", "run out of it", "look forward to it". Kiwakilishi hufuata mwisho, basi. Vichache huchukua yambwa mbili, kama "take her up on it", yaani kuikubali ahadi au mwaliko alioutoa, na kila moja ina nafasi yake maalumu.

"It" inatatua pia lile tatizo la "to" linalowasumbua hata waliosoma miaka mingi. Jaribu kuweka "it" baada ya "to". "I look forward to it" inasimama, kwa hiyo "to" hapo ni kihusishi na kitenzi kinachofuata kitavaa -ing: "I look forward to seeing you". "I want to it" haisimami, kwa hiyo ni "I want to see you". Ndiyo maana "I'm used to waking up early", kwamba nimezoea kuamka mapema, inatofautiana na "I used to wake up early", kwamba zamani nilikuwa nikiamka mapema.

Makosa mengi zaidi, kwa maoni yangu, yanazaliwa na kauli yetu ya kutendea. Mnyambuliko ule wa -i-, -e-, -li- na -le- ni mpana mno: unabeba anayeletewa, anayefanyiwa na hata anayedhurika. Kiingereza kinagawa kazi hiyo kwa njia nne.

Anayefikiwa na kitu huchukua "to": "she sent it to me", "lend it to him". Anayefanyiwa kazi kabla kitu hakijamfikia huchukua "for": "she bought it for me", "he found it for us". Kitu kikiwa nomino, vitenzi hivi huruhusu pia kuacha kihusishi: "she sent me a letter", "she bought me a book". Vikiwa viwakilishi viwili, anza na kitu, kisha kihusishi, kisha mtu. Utawasikia baadhi ya watu wa Uingereza wakisema "give me it", lakini "give it to me" inakubalika kila mahali.

Kundi la tatu halina njia ya mkato: "explain", "describe", "suggest", "say". "Nieleze" inatuvuta kusema "explain me", kumbe ni "explain it to me". Vingi vya aina hii vilitoka Kilatini, mara nyingi kupitia Kifaransa, na vilihifadhi kihusishi chao, wakati vitenzi vifupi vya asili ya Kigermaniki (ukoo wa lugha wenye Kiingereza na Kijerumani) kama "give", "send" na "tell" vilizoea yambwa mbili. Huo ni mwelekeo tu. "Say" ni kifupi na cha asili, na bado hatusemi "say me".

La nne ni la anayedhurika, na vitabu vingi vya wanaoanza hulipita. "Alinivunjia kikombe" kwa kawaida huwa "he broke my cup": mdhurika anageuka mwenye mali. Pale kitu au mtu anapokuangusha wakati unamtegemea, Kiingereza cha mazungumzo hutumia "on". Simu imekuzimikia: "it died on me". Amekukatia simu: "she hung up on me". Ukiliweka hili masikioni utalikuta kila siku.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kuongeza kihusishi pasipohitajika. "Discuss it", "answer me", "enter it", "reach it", "marry him", "lack it": vyote hugusa yambwa moja kwa moja. Watu husema "discuss about it" kwa kuwa nomino zake huwa na vihusishi: "a discussion about it", "an answer to it", "a lack of it". Kitenzi na nomino vijifunzwe kando.

Kwenye maswali na sentensi za kurejelea, kiwakilishi huondoka na kihusishi hubaki. "Who are you waiting for?" "The woman I spoke to." Sisi tuna "mwanamke niliyezungumza naye" na "kitabu nilichokisoma", ambamo kirejeshi na yambwa vyote vinaonekana, ndipo watu wanapoandika "the woman I spoke to her" na "the book I read it". Futa kiwakilishi, acha kihusishi. Yapo makatazo ya kumaliza sentensi kwa kihusishi, na mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa hilo mwaka 1672, lakini usemaji wa kila siku haukuyafuata. Katika barua rasmi unaweza kuandika "to whom I spoke". Kwa "turn off" njia hiyo haipo: "the light off which I turned" haiwezekani, kwa sababu ileile kwamba "off" hapo ni kielezi. Angalia vilevile matamshi: "for" iliyofifia katika "wait for me" inarudishiwa sauti yake kamili ikibaki mwishoni mwa swali.

Umbo la kiwakilishi halihitaji mengi: baada ya kitenzi au kihusishi ni "me, him, her, us, them", hata panapokuwa na wawili. Ondoa mmoja usikie. "For I" haisemwi, kwa hiyo ni "for him and me".

Katika daftari la msamiati, usiandike kitenzi kikavu. Andika "turn it off", "wait for it", "explain it to me", "discuss it", na pembeni swali lake: "What are you waiting for?" Ukitumia kamusi ya wanafunzi, tazama neno "something" au kifupisho chake limekaa wapi. Likiwa katikati, kama "turn something off", kiwakilishi kitaingia hapo. Likiwa mwisho tu, kama "look after something", kitafuata mwisho. Baadhi ya kamusi huweka mshale wenye ncha mbili kuonyesha kwamba nomino inaweza kuruka upande wowote. Mshale huo hauhusu viwakilishi.