Je, wajua kwa nini shabiki huacha kwenda uwanjani hata timu yake inaposhinda?

Ukipita Kamalondo, mjini Lubumbashi, Kongo, siku TP Mazembe wanapocheza na wenzao wa mji huo huo, Saint-Éloi Lupopo, huna haja ya kuuliza uwanja uko wapi. Njia zote zimejaa jezi, nyeusi na nyeupe huku, buluu na manjano kule. Wale mashabiki wa Mazembe wanaojiita Cent pour cent, yaani asilimia mia, wamekwishaingia na ngoma zao, miili imepakwa rangi, na mpira bado saa kadhaa. Sasa pita tena Mazembe hao hao wakicheza na timu ya katikati ya msimamo. Unachagua kiti unachotaka. Watashinda, pengine mabao matatu, na foleni ya teksi za kurudi Ruashi na Katuba itakuwa fupi. Wale wengine wamekwenda wapi?

Vijiweni jibu ni jepesi: shabiki wa siku hizi anafuata ushindi tu. Lina ukweli wake. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya Marekani. Waligundua kwamba wanafunzi huvaa zaidi nguo za chuo Jumatatu inayofuata ushindi, na kwamba timu ikishinda husema "tumeshinda", ikifungwa husema "wamefungwa". Nani hajawahi kumsikia jirani akifanya hivyo hivyo?

Lakini jibu hilo linakwama mjini Lubumbashi kwenyewe. Lupopo, timu iliyoanzishwa 1939 na yenye mizizi kwa wafanyakazi wa reli, haijatwaa ubingwa wa nchi tangu 2002. Kama watu wangefuata vikombe tu, leo Lupopo isingekuwa na shabiki hata mmoja aliye chini ya miaka 30. Wapo, na kelele zao zinasikika. Kwa upande wa pili, Mazembe walichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2011 hadi 2014, na bado zilikuwapo mechi za nyumbani ambazo mtu aliona afadhali abaki kula bukari yake, yaani ugali, kwa utulivu.

Mwaka 1956 mchumi Mmarekani Simon Rottenberg aliandika kwamba watu hulipa kuangalia mchezo ambao hawajui utaishaje. Wachumi wamelibishania wazo hilo mpaka leo, maana wapo wengi wanaofurahia kuona timu yao ikimchapa mnyonge. Mimi naona kwa Mazembe linaeleza sehemu tu. Sehemu nyingine ni kwamba shabiki wa Kamalondo ameonja vinono. Mwaka 2010 timu yake ilikuwa Abu Dhabi ikicheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia na Inter Milan, na kipa Kidiaba akawafundisha walimwengu kushangilia kwa kurukaruka ameketi. Novemba 2015 alimwona Mbwana Samatta akifunga hapo hapo nyumbani dhidi ya USM Alger, kombe la klabu bingwa Afrika likabaki mjini. Kabla ya miezi mitatu kutimia Samatta alikuwa Ubelgiji, akichezea Genk. Mtu aliyekwisha kuyaona hayo, umwambie aache shughuli zake aje kuona mechi ya raundi ya saba?

Hata hivyo, kinachomaliza watu uwanjani kuliko vyote ni ratiba, na hili halizungumzwi vya kutosha.

Kwenda uwanjani ni mazoea, na ni mazoea ya kundi. Hakuna anayetoka Annexe peke yake kwenda Kamalondo. Mmoja anapiga mluzi mlangoni kwa mwenzake, wanampitia wa tatu dukani anakouza vocha za simu, wa nne anawakuta kituoni akiwa na karanga kwenye karatasi. Aliyeajiriwa ameomba ruhusa kwa bosi tangu Jumatano. Nauli imetengwa, ya kwenda na ya kurudi, kwa sababu jua likishazama bei ya pikipiki inapanda. Halafu Ijumaa usiku redio inatangaza kwamba mechi imesogezwa hadi tarehe itakayotajwa baadaye. Mara ya kwanza wanacheka. Mara ya pili mwenye duka anasema nyinyi tangulieni, nitasikiliza redio. Akishatoka yeye, mluzi wa mlangoni nao unakoma, na kundi zima limekwisha bila yeyote kukasirika wala kuihama timu.

Ligi yetu imewapa watu sababu nyingi za namna hiyo. Msimu wa 2019-2020 ulikatizwa na korona, jambo ambalo hakuna wa kulaumiwa. Msimu wa 2022-2023 ulivunjika bila bingwa kupatikana. Goma na Bukavu, mashariki mwa nchi, ni habari nyingine kabisa: miji hiyo ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, Januari na Februari 2025, suala la nani anakwenda uwanjani lilikuwa la mwisho kwenye orodha ya mtu yeyote.

Pengo linaloachwa na mechi zinazosogezwa linazibwa na televisheni. Uingereza wana kanuni ya zamani: Jumamosi kuanzia saa nane na dakika arobaini na tano mchana hadi saa kumi na moja na robo, hakuna mechi inayoonyeshwa moja kwa moja nchini humo, ili watu wasiache kwenda viwanja vya mitaani kwao. Kanuni hiyo inamlinda mwenye timu ndogo ya kule, wala haivuki bahari. Mechi inayoanza saa tisa London inaonekana Lubumbashi saa kumi au saa kumi na moja jioni, kutegemea majira yao, yaani mara nyingi wakati sisi tuko katikati ya mechi ya ligi. Kiti cha plastiki, chupa ya bia ya Simba baridi, na uhakika kwamba mechi ipo, labda umeme ukatike.

Yapo na mengine: mvua ya Januari kwa asiyekaa chini ya paa, kiingilio, na hofu. Tarehe 11 Mei 2014 watu 15 walikufa kwenye mkanyagano katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, Vita Club wakicheza na Mazembe. Baada ya hapo, mama akimkataza mtoto wake kwenda uwanjani utambishia kwa lipi?

Waingereza nao waliyaona. Msimu wa 1948-1949 viingilio vya ligi yao vilipita milioni 41. Kufikia 1985-1986 vilikuwa kama milioni 16 na nusu, baada ya mwaka wa moto wa uwanja wa Bradford na vifo vya mashabiki katika uwanja wa Heysel, Ubelgiji. Watu walirudi. Viwanja vilitengenezwa, viti vikawekwa, usalama ukaimarishwa, ingawa bei nazo zikapanda. Na kila mwezi Juni ratiba ya msimu mzima hutolewa, wiki nyingi kabla ya mpira kuanza Agosti. Televisheni ikitaka kusogeza mechi, kwa kawaida shabiki hujulishwa wiki kadhaa mapema, akapata muda wa kumwambia bosi wake na yule mwenye duka.