Idi na mtoto asiyestahamili kelele: tuanze na asubuhi yake kabla ya uwanja

Idi ikikaribia simu za kina mama zinakuwa nyingi, na suali ni lile lile, jee nimpeleke uwanja wa sikukuu kwenye pembea na wenzake au nimwache nyumbani na bibi yake? Kwa wasionijua, kazi yangu ni okupesheno therapi ya watoto, yaani tunamsaidia mtoto aweze mambo yake ya kila siku, kula, kuvaa, kucheza, kukaa skuli, na wengi nnaowaona ni hawa ambao kelele, harufu, mguso na mwangaza vinawaingia kwa nguvu kuliko tunavovisikia sisi. Wengi wana usonji, yaani autism, na tangu 2013 hali hii imo kwenye alama za usonji katika mwongozo wanaotumia madaktari wa Marekani, ila wapo wanayo na usonji hawana.

Jibu langu: mpeleke. Sikukuu na yeye ni yake. Lakini kabla hujafikiria uwanja nataka tuiangalie asubuhi, kwa sababu mtoto anayeanguka chini analia uwanja wa Mnazi Mmoja hapa Unguja saa kumi na mbili jioni, mara nyingi hakuharibikiwa pale, mwili wake ulianza kuelemewa tangu alfajiri.

Hebu fikiria. Takbira kwenye spika, kaamshwa mapema kuliko kawaida, kaogeshwa haraka haraka, kapigwa mafuta na manukato, nyumba nzima inafuka udi, halafu kavishwa kanzu mpya iliyotiwa wanga na kofia ya mkono iliyokaza kwenye paji la uso, au kama ni mtoto wa kike gauni lenye neti inayochoma mapajani na kiunoni na usiku wa jana kakaa na hina mbichi mikononi. Kisha wageni, kila anayeingia anamvuta ambusu. Na juu ya hapo joto, maana mwaka wa mwezi unapungua kama siku 11 kwa huu wa kawaida kwa hivo Idi inahama, na miaka hii ya 2025 na 2026 Idi ya Fitri imetukuta Machi, kaskazi hiyo, jasho linatiririka na kanzu imegandama mgongoni. Sisi hayo tunayasahau baada ya dakika tano, yeye ubongo wake hausahau, kila kimoja kinabaki kinamsumbua na kingine kinakuja juu yake.

Kwa hivo punguza huko. Nguo ya sikukuu inunue mapema, ifue mara kadhaa bila wanga mpaka ilainike, kata ile lebo ya shingoni mpaka kwenye mshono, mvishe fulana ya pamba ndani tena igeuze mishono iwe nje, na aivae vae nyumbani kabla ya siku yenyewe. Kofia ikimshinda iache, wallahi Idi haiharibiki. Udi ufukize yeye akiwa nje. Chakula usimlazimishe pilau, kwa mtoto wa hivi ule wali na bizari nzima na nyama na mbatata vyote kwenye tonge moja ni vitu vinne mdomoni kwa pamoja, mpikie wali mweupe kama alivozoea na ale kwa raha yake.

Kuhusu uwanja wenyewe, wa mjini Unguja mnajua Mnazi Mmoja na Kariakoo, Pemba kuna Tibirinzi, usiende wakati watu wote wanakwenda. Nenda alasiri mapema wenye biashara ndio kwanza wanapanga vitu, jenereta chache, mapulizo hayajaanza kupasuka, na kwetu sikukuu ni siku nne, hakuna aliyesema lazima iwe ya kwanza. Mpitishe hapo siku moja kabla aone, mpige picha pembea na mlango wa kutokea, usiku mzitazame kwenye simu, tutaingia hapa, tutapanda hichi, tutanunua aiskrimu, tutarudi. Mchukulie vile vizuia kelele vya kuvaa masikioni kama vya mafundi, lakini avae kelele ikizidi na avue ikipungua, kushinda navyo kutwa kunaweza kuyafanya masikio yazidi kuwa mepesi.

Na kabla ya kutoka mpe kazi nzito. Hapa watu hunishangaa. Jean Ayres, Mmarekani aliyekuwa na kazi hii hii yetu, alisisitiza kwamba ukiacha masikio, macho na hisia nyengine tulizofunzwa skuli, kuna hisia za misuli na viungo na kuna za mizani ya mwili, na hizo za misuli huwatuliza watoto wengi. Basi abebe ndoo ya maji anayoiweza, asaidie kusukuma meza, akune nazi. Wapo pia wanaotafuta hisia badala ya kuzikimbia, huyo pembea hashuki, mwache apande ila mtazame uso, akianza kucheka bila kujizuia ujue amezidisha.

Akishaelemewa maneno yaache. Usimuulize una nini, usimwambie watu wanakutazama, hachezi na wewe huyo wala hataki kununuliwa kitu, mtoe tu pembeni pasipo na kelele, mkumbatie kwa nguvu kama mwenyewe anapenda, kama hapendi kaa karibu yake unyamaze. Inaweza kuchukua muda mrefu na pengine hamtorudi tena uwanjani siku hiyo.

Wazee sasa. Bibi akisema mtoto huyu hana adabu hataki kushika mkono, usigombane naye siku ya Idi, zungumza naye kabla, mwambie bibi, mjukuu wako mguso mwepesi unamuumiza, mshike kiganja umbane kidogo au mwache akuamkie kwa mbali na mkono wa Idi, zile pesa zake, umuwekee mezani auchukue mwenyewe. Nimewaona mabibi wengi wakielewa upesi kuliko baba wa mtoto.

Kitu kimoja cha hospitali: kama mtoto alikuwa hana neno na kelele halafu ghafla anaziba masikio na kulia, usiniletee mie kwanza, mpeleke kwa daktari aangaliwe masikio, pengine sikio lina usaha.