Pachi si ya kukopi na kupesti kwa Gmail

Hii maneno nimeiskia tena wiki hii na sitaki kuijibu kwa WhatsApp mtu mmoja mmoja tena, wacha niiandike hapa ndio mtu akiuliza nimtumie linki tu. Ni kuhusu kutuma pachi, yaani faili ya diff inayoonyesha mabadiliko ya msimbo, kwa miradi kama kerneli ya Linux inayotumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, na kupokea pachi kwa imeli. Inaendanga hivi: "Si hawa watu wanapokea pachi kwa imeli? Basi nitakopi ile diff nipesti kwa Gmail nitume, hii git send-email ya nini sasa." Na anayesema hivo mara nyingi ni msee mwerevu, msimbo wake uko sawa kabisa, amekesha na shida moja ya kerneli (kiini cha Linux) ama ya U-Boot (programu ya kuwasha kifaa) mpaka akaimaliza, alafu kazi yote inaharibikia hapo mwisho kwa kutuma. Inaniuma sana.

Kosa liko hapa: watu wanadhani imeli inabeba habari kuhusu msimbo. Hapana. Imeli yenyewe ndio msimbo. Mtunzaji wa mradi akiipata hatakaa chini aandike upya mabadiliko yako kwa mkono, anaisevu vile ilivyo na kuilisha kwa `git am`, amri ya kuingiza pachi kutoka kwa imeli, na `git am` haijui ulimaanisha nini, inajua tu kilichoandikwa.

Chukua mstari kama `@@ -12,7 +12,8 @@`. Huo unasema kuanzia mstari wa 12 kulikuwa na mistari 7 na sasa itakuwa 8, na Git itaihesabu kweli. Alafu kila mstari wa chini yake lazima uanze na alama moja, ama nafasi, ama jumlisha, ama kutoa. Sasa Gmail ya kwa brauza ikiona mstari mrefu inaukata mara mbili, kile kipande cha pili hakina alama yoyote mbele, hesabu haitoshani tena, na huyo mtunzaji huko aliko anaona `corrupt patch`, yaani pachi imeharibika. Ni kama namba ya paybill, ukikosea digiti moja pesa haifiki pale ulitaka.

Na hiyo ndio shida rahisi, manake angalau inaonekana kwa macho. Ile inanikasirisha ni ya tabi. Kerneli ya Linux inasogeza mistari kwa tabi, tabi moja ni upana wa herufi 8, na Gmail ya brauza inazigeuza zote kuwa nafasi bila kukuambia kitu. Ukiangalia kwa skrini hakuna tofauti ata kidogo. Lakini Git inatafuta mstari wenye tabi kwa faili, pachi yako imeleta mstari wenye nafasi 8, haioni kinachofanana, inakuambia `patch does not apply`, yaani pachi haiingii. Alafu mtu anaapa kwamba kwa laptop yake inaingia poa, na hadanganyi, manake faili ya kwa laptop yake ni nzima, kilichoharibika ni ile nakala iliyofika. Kwa Makefile ndio mbaya zaidi kwa sababu huko tabi ni sehemu ya lugha yenyewe. Na kabla hujaniambia kuna `--ignore-whitespace`, najua iko, inasaidia Git kupata mahali pa kuingiza pachi, lakini mistari yako mipya bado itaingia na nafasi badala ya tabi. Mtunzaji hana sababu ya kukubali hiyo.

Kwa hivyo git send-email si programu ya kuandika imeli. Kazi yake ni kuchukua faili ambayo `git format-patch` imetengeneza na kuikabidhi seva ya SMTP, ile ya kutuma imeli, bila kuupanga upya mstari wowote. Ndio maana tunaitumia, si ati watu wa kerneli ni wazee wamekataa kubadilika.

Kuiweka si kazi kubwa. Kwa Ubuntu na Debian haiji na Git, ni `sudo apt install git-email`, ndio ukiikosa unaambiwa send-email si amri ya Git. Alafu kama unatumia Gmail:

```
git config --global sendemail.smtpServer smtp.gmail.com
git config --global sendemail.smtpServerPort 587
git config --global sendemail.smtpEncryption tls
git config --global sendemail.smtpUser anwani-yako
```

`user.email` haitoshi hapa, hiyo inaandika anwani yako ya imeli kwa komiti, haijui kutuma chochote. Wacha pia kupigana na poti 25, kampuni nyingi za intaneti ya nyumbani zimeifunga. Paswadi yako ya kawaida ya Gmail itakataliwa ata ukiiandika mara mia, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwanza alafu utengeneze paswadi ya programu, ile ya herufi 16. Na tafadhali usiiweke kwa `sendemail.smtpPass`, manake inakaa wazi ndani ya `.gitconfig`, na vijana wengi wanapenda kupandisha hiyo faili GitHub wakionyesha setingi zao. Usipoiandika popote, Git itakuuliza yenyewe wakati wa kutuma, tosha.

Ukiwa na barua ya utangulizi (ile imeli ya kwanza inayoeleza pachi zako) na umeweka jina kama Ng'ang'a lenye ile alama ya kupinda iliyotoka kwa simu ama Word, itakuuliza itumie usimbaji gani wa herufi, na inapendekeza UTF-8. Bonyeza Enter. Usijibu `y`. Watu walijibu `y` sana mpaka waliotengeneza Git wakalazimika kuongeza swali la pili la kuuliza kama kweli unamaanisha hivyo.

Sasa jaribio. Kila mtu anasema `--dry-run`, na `--dry-run` ni sawa, inakuonyesha nani atapata nini. Lakini haithibitishi kile kitafika. Jitumie mwenyewe kwanza, fungua hiyo imeli kwa Gmail, chagua kuonyesha ujumbe asili, uidownload, alafu urudi kwa tawi (branch) safi la pale ulianzia na uiingize kwa `git am`. Ikiingia, umemaliza. Kuangalia kwa inbox na kusema "inakaa poa" si jaribio, tumeshaona macho hayaoni tabi.

Kuna vitu pia hufundishwa kama sheria na mimi siviamini hivyo. Ya kwanza ni kwamba kiambatisho ni haramu kila mahali. Kwa kerneli, ndio, wanataka pachi ndani ya mwili wa imeli ndio waweze kujibu mstari kwa mstari, lakini kwa mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL watu wanatuma viambatisho kila siku. Soma mradi wako. Ya pili ni kuweka kila jina ambalo `scripts/get_maintainer.pl`, skripti ya kerneli inayotaja wa kutumiwa pachi, imetoa. Hiyo skripti wakati mwingine huokota pia watu waliowahi kugusa faili, wengine hawana haja na wewe, na mimi bado nabishana na nafsi yangu niwache nani. Watunzaji na orodha ya imeli (mailing list) husika lazima, hao wengine natumia akili. Ya tatu ni nzito zaidi: sina hakika kwamba mtu wa kwanza kabisa, mwenye pachi ya mstari mmoja, anafaa kupitia haya yote. Kwa kerneli kuna programu ya `b4`, ambayo inaweza kutuma kwa njia ya wavuti bila SMTP, na mradi wa Git wenyewe una GitGitGadget inayogeuza ombi la GitHub (pull request) kuwa imeli. Nikifundisha siku hizi nazitaja mapema.

Kitu cha mwisho ni cha huku kwetu. Stima inapotea na ruta inazima katikati ya kutuma mfululizo wa pachi, pachi mbili zimeenda, tatu zimebaki. Usianze kutuma zote upya, watu watapata nakala mbili mbili na hawatajua warivyu gani. Tafuta Message-ID (kitambulisho cha imeli) ya ile imeli ya kwanza kwa ujumbe asili, alafu tuma zilizobaki peke yake na `--no-thread --in-reply-to` ukiweka hiyo Message-ID. Usipoweka `--no-thread`, ile ya kwanza tu kati ya zilizobaki ndio itajibu imeli ya mwanzo na zingine zitajipanga chini yake, na mfululizo wako utaonekana kama ni miwili.